Maziwa yasipitilize nyuzi 63: mkono, thamostati, PID au sensa mbili?

"Mwanangu, taa si imezima? Mbona bado inapanda?"

Aliyeniuliza ni mama anayesindika maziwa na wenzake huko Lushoto. Tulikuwa tumesimama mbele ya tangi lao la lita 100. Taa nyekundu ya hita ilizimika maziwa yalipogonga nyuzijoto 63, lakini namba kwenye kioo haikusimama. Ikaenda 64, 65, 67, ikatulia kwenye 70. Jibini la jana yake lilikuwa bado kwenye ndoo. Alipolipitisha kisu halikukatika. Lilifuata kisu, laini kama uji ulioanza kupoa.

Nikamwambia, "Ni kweli mama, hita imezima. Kinachopandisha sasa ni maji."

Tangi lile lina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo, kwenye jaketi, kuna maji lita 40. Hita zinapasha maji, maji yanapasha maziwa. Ili joto livuke ukuta, ni lazima maji yawe ya moto kuliko maziwa muda wote wa kupasha. Nilichovya kipimajoto kwenye jaketi dakika ile taa ilipozimika: nyuzi 87. Maziwa 63, maji 87. Joto lilikuwa limeshaingia, likisubiri kuvuka.

Hesabu yake si ngumu. Lita 100 za maziwa zinahitaji kama kilojuli 400 kupanda nyuzi moja. Lita 40 za maji zinahitaji kama kilojuli 168. Wawili hao wakigawana joto hadi walingane, kila nyuzi 10 ambazo maji yamezidi maziwa zitayapandisha maziwa karibu nyuzi 3. Maji yale yalizidi kwa nyuzi 24, kwa hiyo maziwa yangepanda kama nyuzi 7, na ndivyo yalivyofanya. Ukiwa na nusu tangi, lita 50 tu, hali ni mbaya zaidi: kila nyuzi 10 za maji zinapandisha maziwa karibu nyuzi 4 na nusu.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue kidhibiti kipi, sianzi na bei. Naanza na swali hili: kifaa hicho kitalionaje joto lililojificha kwenye jaketi? Hapa chini nalinganisha njia nne ninazokutana nazo kwenye usindikaji mdogo, kuanzia mkono mtupu hadi sensa mbili.

Tunapima kwa vigezo gani

Kupasteurisha kwa tangi ni kuyashikilia maziwa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30 mfululizo. Chini ya hapo hakuna mjadala. Yakishuka hata kidogo, dakika 30 zinaanza kuhesabiwa upya, kwa sababu hapo tunazungumzia afya ya mnywaji. Juu ya hapo ni suala la ubora na gharama: protini zinaanza kubadilika, jibini halishikani vizuri, na joto likizidi sana maziwa fresh yanapata ladha ya kupikwa. Kwa hiyo mimi huseti joto lengwa kwenye 64, na natafuta kilele kisichozidi 66.

Vigezo vyangu ni vitano: maziwa yanapitiliza kiasi gani, yanachukua muda gani kupashwa, nini kinatokea umeme ukikatika, kazi ya kuseti na kupata vipuri, na njia hiyo inamfaa nani. Tangi ni lilelile kwa wote: maziwa lita 100, maji lita 40, hita tatu za kilowati 2 kila moja, na mota ya kukoroga. Hita zote zikiwaka, maziwa yanapanda karibu nyuzi 0.6 kwa dakika. Kutoka maziwa ya baridi ya nyuzi 4 hadi 63 ni kama saa moja na nusu.

Kabla ya yote, angalia kukoroga. Pale Lushoto mkono wa kukorogea ulikuwa umelegea na ulizunguka juu juu tu. Tulipoukaza ukafika chini, tofauti kati ya maji na maziwa ikashuka kutoka nyuzi 24 hadi kama 14, na kilele kikashuka kutoka 70 hadi 67. Hatukununua kitu, tulitumia spana tu. Hesabu za hapa chini zote zinachukulia kwamba maziwa yanakorogwa vizuri.

Njia ya kwanza: mkono na kipimajoto

Kupitiliza: kunategemea mtu. Mama aliyezoea tangi lake anazima kwenye 59 au 60, anaendelea kukoroga, na maziwa yanajipandisha yenyewe hadi 63 au 64. Hiyo ni akili kubwa kuliko ya thamostati nyingi, kwa sababu anajua kwamba joto bado linakuja. Shida ni siku ambayo yuko mtu mwingine, au maziwa ni lita 60, au simu imeita.

Muda: sawa na hita zote zikiwaka, ila dakika 30 za kushikilia zinamtaka mtu asiondoke.

Umeme ukikatika: kama unatumia gesi, moto unaendelea. Kinachosimama ni mota ya kukoroga, na mwiko mrefu wa chuma cha pua unaweza kufanya kazi yake.

Kuseti na vipuri: hakuna cha kuseti, ila kipimajoto lazima kiwe cha kweli. Tumia cha dijitali chenye ncha ya chuma cha pua. Kioo kikipasuka ndani ya maziwa umepoteza tangi zima. Kipime kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, ambapo kinapaswa kusoma 0. Maji yanayochemka hayafai kwa kazi hii kwenye nyanda za juu. Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kama nyuzi 94. Nimeona mtu "akirekebisha" kipimajoto kizima kisome 100 pale, na kuanzia siku hiyo kikawa kinasema 63 wakati maziwa yako 57.

Inamfaa: anayeanza, mwenye tangi moja kwa siku na mtu mmoja anayelijua tangi hilo. Daftari la kuandika joto kila dakika 5 si hiari hapa.

Njia ya pili: thamostati ya kuwasha na kuzima

Hiki ndicho kifaa kilichojaa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kile kidogo cheusi chenye namba nyekundu. STC-1000 ni mfano unaofahamika. Maziwa yakifika joto lengwa kinazima, yakishuka kwa tofauti uliyoiweka kinawasha.

Kupitiliza: kilele cha kwanza ni kama nyuzi 4 juu ya ulipozimia. Hapa watu wengi hukosea kitu kimoja. Wanapunguza ile tofauti kutoka nyuzi 2 hadi 0.3 wakidhani watazuia kupitiliza. Hawatazuia. Tofauti hiyo inahusu lini hita iwashwe tena. Kilele cha kwanza kinatokana na maji ya jaketi, na thamostati iliyo ndani ya maziwa haiyaoni maji hayo. Unachopata ni kontakta (swichi kubwa inayowasha na kuzima hita) inayogonga kila mara na kuisha mapema.

Dawa yake ni kugawa hita. Acha tatu zote ziwake hadi 58, kisha zima mbili na ubaki na moja ya kilowati 2. Nguvu ikishuka hadi theluthi, tofauti kati ya maji na maziwa nayo inashuka kuelekea theluthi, na kilele kinakuwa kama nyuzi 1.4 badala ya 4. Thamostati mbili za bei ndogo, moja imesetiwa 58 kwa hita mbili na nyingine 64 kwa hita ya tatu, zinafanya kazi hii bila mtu. Kwa maoni yangu hii ndiyo pesa ndogo inayofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye makala hii.

Muda: ukigawa hita, zile nyuzi 6 za mwisho zinachukua karibu nusu saa badala ya dakika 10. Lipange hilo kwenye ratiba.

Umeme ukikatika: kifaa kinaamka na kuendelea kilipoishia. Tangi lililofungwa vizuri kwa sponji la kuzuia joto linaweza kupoteza kama nyuzi 2 tu kwa saa, kwa hiyo ukiwa kwenye 64 una kama nusu saa kabla ya kugusa 63. Lisilofungwa halina muda huo.

Kuseti na vipuri: mtu yeyote anaweza. Kumbuka tu kwamba relei (swichi) ya ndani ya kifaa kama hiki ni ya ampea 10, yaani kama kilowati 2.3 kwa volti 230. Hita za kilowati 6 zinavuta ampea 26, kwa hiyo kontakta ni lazima. Aliyeunga hita moja kwa moja amejiandalia kifaa kilichoyeyuka.

Inamfaa: anayesindika mtindi, na kikundi ambacho fundi wake yuko mbali.

Njia ya tatu: PID yenye sensa moja

Kidhibiti cha PID hakisubiri maziwa yafike ndipo kizime. Kinapunguza nguvu mapema. P inatazama umebakiza nyuzi ngapi. I inakusanya upungufu wa muda uliopita ili kumalizia kidogo kinachobaki. D inatazama kasi ya kupanda na kukanyaga breki.

Kupitiliza: kikisetiwa vizuri, chini ya nyuzi moja. Kikisetiwa vibaya, kinaweza kupitiliza kuliko thamostati, na kuyumba juu na chini kwa saa nzima. Mkosaji mkubwa ni I. Maziwa yakianza kwenye nyuzi 4, saa moja na nusu nzima kuna upungufu mkubwa, na I inaukusanya wote kama deni. Joto lengwa likifika, I bado inadai, hita zinaendelea kuwaka, na maziwa yanavuka. Vidhibiti vizuri vina kinga ya kuizuia I isikusanye ukiwa mbali. Vya bei ya chini vingine havina.

Ukitaka kuanza salama, zima I na D kabisa, ubaki na P peke yake. Weka upana wa P kuwa nyuzi 8 na joto lengwa 64: hita zitawaka zote hadi 56, kisha nguvu itapungua taratibu. Kwa tangi tunalolizungumzia, kilele kinapitiliza kama nusu nyuzi tu, kisha maziwa yanatulia kidogo chini ya 64, kama 63.6, kwa sababu hita lazima zibaki zikitoa nguvu kidogo ya kufidia joto linalopotea. Pungufu hiyo ya 0.4 unaifuta kwa kuseti 64.4. Wasindikaji wengi niliowafanyia hivyo hawakuhitaji kurudisha I.

Ukitumia kitufe cha kujiseti chenyewe, fanya hivyo kwa maji lita 100 badala ya maziwa. Uzito wa joto wao unakaribiana, umepishana kama asilimia 4. Mota iwe inakoroga, na kiasi kiwe kile unachosindika kila siku. Matokeo yake mara nyingi huwa makali. Kanuni maarufu ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, ambayo vitabu vingi vinaanzia hapo, ilikubali mawimbi kadhaa kabla ya kutulia, kila wimbi robo ya lililotangulia. Kwa mtambo mwingine hilo si neno, kwa jibini ni hasara. Kwa hiyo baada ya kujiseti, zidisha upana wa P mara mbili na muda wa I (ukiwa mrefu, I inakusanya polepole) mara tatu au nne, kisha jaribu tena kwa maji. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio na uandike. Jaribio moja la maji linakula zaidi ya uniti 8 za umeme, na bado ni nafuu kuliko kuharibu tangi moja la maziwa.

Muda: nyuzi 8 za mwisho zinachukua kama dakika 20 badala ya 13. Hasara ni ndogo.

Umeme ukikatika: namba zinabaki kwenye kumbukumbu na I inaanza upya kutoka sifuri, jambo zuri. Kinachoumia ni elektroniki, hasa umeme unaporudi kwa kishindo. Weka kifaa cha kuchelewesha na kulinda volti mbele yake.

Kuseti na vipuri: hapa ndipo pagumu. Inahitaji mtu aliye tayari kukaa na tangi siku nzima. Relei ya elektroniki, ile mafundi wanayoiita SSR, iwe ya ampea 40 na ifungwe kwenye bamba la kupozea, kwani kila ampea inatoa kama wati moja ya joto kwenye relei yenyewe. Sensa zinazokuja bure na vidhibiti vya bei ndogo mara nyingi ni za aina ya K, na kosa lake linaloruhusiwa kwa kawaida ni zaidi ya nyuzi 2 juu au chini. Kwa kazi ambayo 63 ni mpaka wa afya, nunua sensa ya aina ya Pt100, ya daraja A yenye waya tatu. Kwenye 63 kosa lake halifiki nyuzi 0.3.

Inamfaa: anayetengeneza jibini au maziwa fresh ya pakiti, anayesindika kiasi kilekile kila siku. Kiasi kikiyumba, lita 100 leo na 40 kesho, namba ulizozihangaikia zinapoteza maana.

Njia ya nne: sensa mbili, moja kwenye maziwa na moja kwenye jaketi

Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoyatazama maji yenyewe.

Kupitiliza: unaweka dari. Ukisema maji yasizidi 72, basi maziwa yanapofika 64 tofauti haiwezi kuzidi nyuzi 8, na kilele hakiwezi kuzidi kama nyuzi 66.4. Ukishusha dari hadi 68, kilele hakivuki 65.2. Zuri zaidi ni kwamba dari hiyo inakulinda hata mota ya kukoroga ikizima, kwa sababu maji hayatafika 87 yakiwa yanakusubiri. Maziwa hayashiki ukutani, na kazi ya kusugua jioni inapungua.

Muda: hapa ndipo unapolipa. Joto linavuka kwa kasi inayolingana na tofauti iliyopo. Maji yakiwa 70, maziwa yanatoka 60 hadi 63 kwa kama dakika 8. Maji yakiwa 66, safari hiyohiyo inachukua kama dakika 15. Kama unasindika matangi matatu kwa siku, dakika hizo zinajumlishwa.

Umeme ukikatika: sawa na njia ya pili au ya tatu, kulingana na vifaa ulivyochagua.

Kuseti na vipuri: ina sura mbili. Ya kitaalamu ni PID mbili, ya maziwa ikiiambia ya jaketi iweke maji nyuzi ngapi. Unaseti ya jaketi kwanza hadi itulie, ndipo uiguse ya maziwa. Ya kawaida ni thamostati mbili zilizofungwa kwa mfuatano, moja kwenye maziwa kwa 64 na nyingine kwenye jaketi kwa 70, na kontakta inawaka pale tu zote mbili zinapokubali. Sura ya pili anaweza kuifunga fundi yeyote wa umeme wa nyumba.

Inamfaa: ambaye kiasi cha maziwa kinabadilika kila siku, na tangi linaloendeshwa na watu wengi kwa zamu.

Jambo lisilo na chaguo

Njia zote za umeme zinahitaji swichi ya joto ya usalama, iliyo peke yake, inayokata kwenye jaketi, kwa mfano kwenye 85 kama unapasha maziwa hadi 64 tu, na kutaka mkono wa mtu kuirudisha. SSR ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeshikana, yaani hita zinabaki zikiwaka na kidhibiti hakina la kufanya. Weka pia swichi ya kuelea kwenye jaketi ili maji yakipungua hita zisibaki kavu.

Ukiwa katika hali hii, chagua hivi

Unasindika mtindi (yogati) tu. Unapasha hadi 85 au 90 kwa makusudi, hivyo kupitiliza kwa nyuzi 3 hakukuumizi. Thamostati inatosha kupashia. Ila ukiuchachusha ndani ya tangi hilohilo kwenye nyuzi 43, geuka uwe mkali: kimea cha yogati, yaani bakteria wanaouchachusha, kinapenda 40 hadi 45, na maziwa yakifika 50 kinadhoofika au kufa. Hapo tumia hita moja tu na dari ya jaketi isiyozidi 46.

Unatengeneza jibini kwa kiasi kilekile kila siku na una fundi wa karibu. PID yenye Pt100, ukianza na P peke yake.

Kiasi kinayumba kwa sababu wafugaji wanaleta wanachopata. Thamostati mbili, maziwa na jaketi. Kiangazi lita 40, masika lita 100, dari ni ileile.

Umeme wako unakatika mara tatu kwa siku. Funga tangi kwa sponji kwanza, kisha mkono na gesi, au thamostati ya kawaida. Usiweke elektroniki ya gharama mahali ambapo umeme unaingia na kutoka kama mgeni asiye na adabu.

Tayari una thamostati na huna hela ya kitu kingine mwezi huu. Kaza mkono wa kukoroga, tenga hita, ya kwanza na ya pili zizime kwenye 58. Yule mama wa Lushoto alichagua hivi. Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya kioo cha thamostati kikisoma 65, na chini yake kipande cha jibini kilichokatwa, kingo zake zimenyooka.